Hina Ndani ya Eda

Siku ya sabini na nne ya eda yake, Ihsan aliamka akakuta mama mkwe wake amemfungia dirisha la uani. Si kwa ajili ya risasi. Risasi zilikuwa zikipita juu ya paa za mtaa wa Shambat tangu Ramadhani, na Hajati Batul alikwisha kuzizoea kama mtu anavyozoea mashine ya kusaga ya jirani. Alilifunga kwa sababu mwanamume wa nyumba ya pili alikuwa amepanda ukutani kutafuta mtandao wa simu, na mjane aliye edani haonwi na mwanamume asiye maharimu wake.

Ihsan akalalamika kwamba chumba kina joto. Hajati akamjibu kwamba kaburini kuna joto zaidi, akachukua birika lake na kwenda kumwagia maji mwanawe.

Kaburi lenyewe lilikuwa uani, baina ya jiko na mitungi ya maji, kwa sababu siku aliyouawa Mutasim njia ya makaburini ilikuwa imekatwa. Mutasim alikuwa fundi wa umeme. Mtaa ulipokaa wiki tano ukinywa maji ya mto na watoto wakaanza kuharisha, yeye na wenzake wawili walikwenda kuiamsha pampu, na kweli ikaamka, maji yakatoka nusu siku. Alasiri alirudishwa juu ya mkokoteni wa mkate akiwa na tundu shingoni. Wapiganaji walioushika mtaa walisema alikuwa jasusi wa jeshi. Majirani walisema alikuwa fundi. Aliacha mkewe Ihsan, mwenye miaka thelathini na moja, binti yake Rimaz wa miaka tisa, na mama yake, ambaye hakuwa na mtoto mwingine.

Hajati Batul hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mgumu tu, na watu wagumu wakifikwa na msiba hushika sheria kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Siku ya mazishi aliondoa kioo chumbani mwa Ihsan. Akaondoa wanja, marashi, udi, na sabuni ya kunukia, akamvisha thobi jeupe la pamba nzito la kujitanda mwili mzima, akamwonyesha kizingiti cha mlango wa nje na kumwambia kwamba hapo ndipo mwisho wa dunia yake kwa miezi minne na siku kumi. Yeye mwenyewe, alisema, alipofiwa na mume alikaa eda yake akiutazama ukuta huo huo, hata mwezi hakuuona. Siku zikiisha, wataondoka. Kabla ya hapo, hapana. Ihsan hakubisha. Alimpenda Mutasim, na siku zile za mwanzo angeambiwa akae eda ndani ya kisima angekaa.

Lakini Ihsan alikuwa na lake moyoni. Mumewe alipouawa hedhi ilikuwa imemkosa mwezi mmoja, akadhani ni hofu ya mabomu. Ikamkosa wa pili, akajua. Hakumwambia mtu. Mjane mwenye mimba hahesabu siku mia na thelathini. Eda yake ni mpaka ajifungue. Na Ihsan alimjua mama mkwe wake. Akisikia tu, mlango ule ungefungwa hadi mwezi wa kwanza, na nani alikuwa na uhakika kwamba Shambat ingekuwapo mwezi wa kwanza? Kwa hiyo kila alfajiri alichukua kipande cha shuka, akajifunga tumbo mpaka pumzi ikawa fupi, akajitanda thobi juu yake. Wazee walisema mficha uchi hazai, naye alikuwa akificha na huku akizaa.

Alijua hesabu yake haitafika. Siku ya mia na thelathini tumbo lingekuwa la miezi sita, na hakuna kipande cha shuka kinachofunga miezi sita. Lakini aliyefikwa na maji shingoni hashughuliki na mafuriko ya kesho kutwa.

Jumatatu alikuja jirani yao Alawiya na salamu kutoka Atbara. Yasir, kaka yake Ihsan, alikuwa amempigia Alawiya simu, na maneno yake yalikuwa yale yale ya kila wiki: tokeni, mnangoja nini, nyumba ninayo, chumba ninacho. Ila safari hii alikuwa ameongeza jambo. Ami Siddiq, mwenye basi dogo, angeondoka Ijumaa asubuhi kwa njia ya nyuma kwenda Shendi na Atbara, na nafasi tatu alikwisha kuzilipia.

Hajati alimkaribisha mgeni kwa chai isiyo na sukari na kumwambia kwamba Yasir ni kijana mwema, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ihsan alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumba chake, anasikia kila neno.

"Hajati," Alawiya alisema, "Sheikh Dafallah amesema dharura inaruhusu. Mwanamke anayehofia roho yake anaihamisha eda, anakwenda kuimalizia kwingine. Amesema mwenyewe."

"Sheikh Dafallah kahama wiki iliyopita. Hiyo ni fatwa ya mtu aliyekwisha kukimbia."

"Ndiyo kakimbia. Na mimi Ijumaa nakimbia. Mtaa mzima umebaki nyumba sita, Hajati, za saba na nane ni paka."

Kisha Alawiya akashusha sauti. Alisema kama watakubali kutoka, basi Ihsan asitoke na jeupe lile. Kwenye kizuizi cha barabara ya kaskazini wanawateremsha wajane. Wanasema mwaka huu mjane kijana ni mke wa askari tu, hakuna mwingine. Binti wa ami yake aliteremshwa mwezi uliopita akiwa na thobi jeupe kama hilo, wakakaa naye siku nne.

"Karudi?" aliuliza Hajati.

"Karudi. Hasemi."

Hajati aliivuruga chai yake ambayo haikuwa na kitu cha kuvuruga. Akasema kama hali ndiyo hiyo, basi ndiyo sababu kubwa zaidi ya kukaa nyumbani. Ruhusa ya kutoka ameisikia, ya mtu wa eda kuvaa rangi na kujipamba hajaisikia kwa sheikh yeyote, aliyekimbia wala aliyebaki. Na mwanawe yuko hapa uani. Atamwachia nani?

Hapo Ihsan alisema kutoka nyuma ya pazia. "Na Rimaz, Mama?"

"Rimaz ana Mungu."

"Sote tunaye, Mama. Hata Mutasim alikuwa naye."

Alawiya akayatazama majani ya chai chini ya kikombe. Hajati alinyanyuka, akaenda uani na msahafu wake, akasoma Yasini mara tatu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na siku ile hakusema tena na mtu, hata kuomba chumvi.

Walikuja Jumatano kabla ya adhuhuri, wapiganaji watatu, na hawakubisha hodi kwa sababu mlango ulikwisha kuvunjwa mara mbili na sasa uliegeshwa tu na pipa. Aliyewaongoza alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Ukimwona sokoni ungedhani ni mwalimu wa hesabu. Alisalimu vizuri, akauliza afya ya wenye nyumba, kisha akawaambia wenzake waanze.

Walichukua mtungi wa gesi. Walichukua feni, ingawa umeme haukuwapo tangu mwezi wa nne, na gunia la unga wa mtama lililobaki nusu, na viatu vya Mutasim. Mmoja alivijaribu palepale, vikambana, akavichukua hivyo hivyo. Hajati alisimama mbele ya mlango wa chumba cha Ihsan na kuwaambia kwamba humo mna mtu wa eda, wamwogope Mungu.

"Tunamwogopa, Haja," alisema mwenye miwani. "Sogea."

Ihsan alikuwa amesimama pembeni, Rimaz nyuma yake. Mwenye miwani hakumgusa. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akarudi katikati. Ule mtaa ulikuwa umefundisha wanawake wengi kufunga dhahabu zao kiunoni, na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri wa mtaa.

"Hapo umefunga nini?"

"Nguo."

"Nguo gani ya fundo kubwa hivyo? Fungua."

"Si dhahabu, ndugu yangu."

"Nimekuuliza kama ni dhahabu? Fungua niione hiyo nguo."

Ihsan alimtazama mama mkwe wake. Hajati alikuwa akimtazama kwa hasira, maana naye alidhani ni dhahabu, dhahabu iliyofichwa njaa ikiwa ndani ya nyumba. Yule aliyekuwa na viatu vya Mutasim mkononi akapiga hatua moja mbele. Ihsan akasema haraka, macho chini, "Nina mimba."

Kisha yule wa viatu akacheka, akasema mambo ya ajabu, mjane wa watu na mimba juu, sasa hii ya nani?

"Ya mwanangu," alisema Hajati. Sauti ilimtoka kabla hajajua kama anaamini.

Mwenye miwani akataka kujua huyo mwana yuko wapi. Hajati akaelekeza kidole uani. Yule mtu akaenda kwenye kaburi, akainama, akasoma ubao: jina, tarehe. Akaanza kuhesabu miezi kwenye vidole vyake, moja baada ya moja, kwa sauti, mbele ya mama wa marehemu na mke wa marehemu na mtoto wake, kama kadhi aliyeletewa kesi. Akageuka, akatingisha kichwa.

"Inakwenda sawa," aliwaambia wenzake. "Ni yake."

Ihsan alikuwa amevumilia mengi mwaka ule: njaa, mzoga wa punda uliokaa mlangoni wiki nzima, mumewe kuletwa na mkokoteni wa mkate. Lakini alisema baadaye kwamba hakuna kilichomchoma kama lile neno la kumtakasa.

Mwenye miwani akarudi kuusoma ubao mara ya pili. Ah, alisema, huyu ndiye yule wa pampu. Walikuwa watatu, mmoja kafa, na wawili hawajaonekana mpaka leo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba.

"Jumamosi nitakuja na mkubwa wetu. Ana maswali juu ya hao marafiki. Huyu mke atatujibu. Na msihangaike kupika," aliongeza, akilitazama gunia la unga begani kwa mwenzake.

Walipoondoka, Hajati alilirudisha pipa mlangoni. Kisha alikaa juu ya kitanda cha kamba, mikono juu ya magoti, huku Rimaz akikusanya unga uliomwagika.

"Una muda gani?" aliuliza Hajati.

"Wa nne unaisha."

"Ukanificha. Mimi. Damu ya mwanangu, nikaisikia kutoka kwa mwizi wa magunia."

Ihsan alikuwa amechoka kuwa na adabu. "Ningekwambia ungenifungia mpaka nizae."

"Ndiyo," alisema Hajati. "Ningekufungia."

Hakukana, hakujitetea. Ihsan alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na alipokosa mtu wa kugombana naye akaanza kulia, kilio kile cha kwikwi alichokuwa amekibana pamoja na tumbo. Alisema anaogopa. Alisema kila siku anaogopa tangu anapofungua macho, anamwogopa Mungu, anawaogopa hawa watu, na anamwogopa yeye Hajati kuliko wote. Alisema anaona haya kwamba amefiwa na mume na badala ya kumlilia anahesabu siku za kumwacha.

Hajati alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka uani akakaa kando ya kaburi, bila msahafu. Alikaa pale jua likimpiga utosini, adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, naye akaswali zote mbili papo hapo juu ya mchanga. Alikuwa na mwana mmoja, na huyo yuko chini ya mkono wake wa kulia. Sasa ameambiwa kuna kipande chake kingine, kinapumua, na Jumamosi watakuja kukichukua. Mtu mwenye watoto wengi angeamua kwa saa moja. Hajati ilimchukua mchana mzima.

Mwanga ulipoanza kufifia alisimama akikung'uta mchanga, akamwita mjukuu wake, akamtuma kwa Alawiya.

"Mwambie Bibi anaomba hina. Nyeusi. Na kama ana kuni za mgunga, atupe."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi alipomwambia Ihsan avue jeupe.

Kila mwanamke wa mji ule anaijua kazi ile, lakini hakuna aliyepata kuiona ikifanywa namna ile. Wanawali hawapaki hina ya mikono na miguu, wajane hawapaki. Inapakwa na mwenye mume, na moshi wa mgunga anajifukiza mwenye mume, mpaka ngozi ibadilike rangi na kila anayepita karibu yake ajue huyu kuna anayemngojea. Shimo la kufukizia lilikuwa kwenye pembe ya ua, limejaa majani makavu tangu Shaabani. Hajati alilisafisha kwa mikono yake, akapanga kuni, akawasha, akaweka mkeka wenye tundu.

Sasa ikawa Ihsan ndiye anayekataa.

"Mama, mimi ni mtu wa eda."

"Najua."

"Mutasim yuko hapo. Hatua kumi. Nikae hapa nijifukize kama bibi harusi?"

"Wale watu wa kizuizi hawasomi vyeti. Wanasoma mikono. Na pua wanazo. Kaa."

"Nitakuwa mwanamke gani?"

"Mwenye mume," alisema Hajati. "Kaa, mwanangu. Kuni zenyewe chache."

Alikaa. Hajati alimfunika blanketi mpaka shingoni, moshi ukapanda, na Ihsan akalia tena, safari hii akiwa na kisingizio cha moshi. Baadaye Hajati aliilaza mikono ya Ihsan mapajani mwake na kuanza kumpaka. Mkono wa Hajati ulikuwa bado mwepesi. Katika ujana wake aliwapaka maharusi wa mtaa mzima. Alichora maua makubwa juu ya viganja, akajaza ncha za vidole, akashuka miguuni. Alimkaripia asitikisike. Alimkaripia Rimaz asimwage maji. Alikaripia nzi. Alipofika mguu wa kushoto, akanyamaza, na Ihsan aliyeinamia magoti yake aliona matone yanaanguka juu ya hina mbichi na kuiharibu, na mama mkwe akirudia kupaka palepale, na matone yakianguka tena.

Mathobi ya rangi ya Ihsan yalikuwa yameibiwa, lakini Alawiya alileta thobi la rangi ya chungwa lenye maua ya kijani, la kwendea arusini. Hajati alimfundisha la kusema: mume yuko Atbara, kazini. Kisha akafikiri, akasema hapana, wewe usiseme lolote, hujui kusema uongo, ulinificha miezi mitatu kwa kunyamaza tu. Nitasema mimi.

Ijumaa, kabla basi halijafika, alichukua mtungi mzima wa maji ya kunywa, akaumimina wote juu ya kaburi polepole mpaka udongo ukakataa kunywa. Hakusema kwaheri. Aliuweka mtungi mahali pake, ukiwa mtupu, akafunika kifuniko.

Kizuizi cha barabara ya kaskazini kilikuwa magari mawili yaliyoungua na mwamvuli wa kuuzia soda. Basi la Ami Siddiq lilisimama nyuma ya punda watatu na lori moja. Ndani walikuwa watu kumi na tisa katika viti kumi na vinne. Alawiya, aliyekaa kiti cha mbele, alikuwa amefumba macho.

Mpiganaji aliyepanda alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kikombe cha kahawa mkononi. Alimteremsha mzee mmoja kwa sababu ya jina lake, akamrudisha. Akachukua simu mbili. Alipofika kwa Ihsan akanusa, akatabasamu.

"Mashallah. Na huyu bibi harusi anakwenda wapi?"

"Atbara," alisema Hajati. "Kwa mumewe. Mwanangu."

"Mbona mumewe hakuja kumchukua?"

"Akija mtampitisha?"

Yule mtu akacheka, na watu wawili watatu wakapumua. Lakini hakusogea. Aliuchukua mkono wa Ihsan kwa ncha ya kidole chake kidogo, akaugeuza, akalitazama ua jeusi kwa karibu, kama mnunuzi wa kitambaa.

"Hii mbichi. Ya jana." Tabasamu lilikuwa bado liko, ila macho yalikuwa yameliacha. "Juzi walipita wawili hapa, hina mbichi hivi hivi. Tulipouliza uliza, wote wajane. Mmoja mumewe alikuwa luteni."

Rimaz aliuegemeza uso wake kwenye bega la mama yake.

"Mwanamke ana miezi minne hajamwona mumewe," alisema Hajati. "Anakwenda kumwona leo. Ulitaka apake lini, akishafika? Huna mke wewe?"

"Ninaye, Haja."

"Muulize, akufundishe."

Watu wakacheka nyuma, kicheko cha hofu, na yule mtu naye akacheka, akaugusa ukingo wa kikombe chake. Kisha akauliza, taratibu tu, kama Haja amekwenda kuhiji kweli au wanamwita hivyo kwa ajili ya uzee. Hajati akasema amehiji, mwaka ule mto ulipofurika hadi kwenye uwanja wa shule.

"Basi apa. Kwa Mwenye nyumba ile uliyoizunguka, apa mwanao yuko hai, nanyi mwende zenu."

Ihsan alifumba macho. Katika miaka kumi na moja ndani ya nyumba ile hakupata kumsikia Hajati Batul akiapa, hata juu ya bei ya bamia. Alikuwa mwanamke wa kukata urafiki na mtu aliyesema wallahi ovyo. Alisikia basi zima likingoja. Alisikia mtu wa nje akimkaripia punda.

"Wallahi," alisema Hajati. "Wabillahi. Watallahi. Mwanangu Mutasim yuko hai, yuko Atbara, na mkewe namkabidhi kwake jioni hii kwa mkono wangu."

Hakupepesa. Yule mtu alimtazama muda kidogo, akanywa funda la kahawa yake, akapiga ubavu wa basi mara mbili kwa kiganja. Ami Siddiq akaingiza gia.

Hapakuwa na aliyemshukuru Mungu kwa sauti mpaka walipofika mashamba ya vitunguu. Hajati alikuwa ametazama mbele, na midomo yake ikicheza. Ihsan alimshika mkono, naye akauacha ushikwe, lakini midomo haikusimama kuomba msamaha mpaka Shendi, na baada ya Shendi ikaanza upya.

Jioni ile ile, nyumbani kwa Yasir, Ihsan alivua thobi la maua akavaa jeupe alilokuja nalo ndani ya fuko la unga. Siku mia na thelathini zilikuwa hazina kazi tena. Eda yake sasa ilikuwa mpaka ajifungue, na aliona nafuu kwamba hafichi tena mimba. Kilichobaki ni hina. Alijisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia na jiwe la kisigino, mpaka ngozi ikachubuka kwenye vifundo, na maua ya Hajati yakabaki palepale, meusi, mazuri. Hina nzuri inakaa mwezi.

Msiba hauna njia ya kujificha katika mji ule. Jumapili asubuhi wanawake wa mtaa walianza kuingia kutoa rambirambi, kwa maana aliyefiwa akifika mahali husomewa Fatiha upya, hata kama maiti ina miezi mitatu. Mke wa Yasir alimshauri Ihsan avae soksi na afiche mikono ndani ya thobi. Akafanya hivyo. Wanawake kumi na watano walikaa juu ya mikeka, Hajati katikati yao, wakauliza habari za njiani, wakalaani vita bila kutaja upande.

Kisha akaingia mama mmoja aliyechelewa, mke wa mwenye duka la nafaka, mtu wa mwili na sauti. Naye alikuwa mtu wa kupeana mkono. Alimwinamia mjane, akautafuta mkono wake ndani ya thobi jeupe, akautoa nje ili aubane kati ya mikono yake miwili, na akauona.

Akauacha kama mtu aliyeshika kaa la moto. Alirudi nyuma akakaa, na wale waliokuwa wamekwisha kunyanyua viganja kwa Fatiha wakavishusha kimoja kimoja, na macho yakatembea kutoka mkono ule hadi tumbo lile, na kutoka tumboni kurudi mkononi. Mmoja akajikohoza. Mwingine akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu.

Ihsan alitaka ardhi imfungukie. Alirudisha mkono ndani.

"Utoe," alisema Hajati Batul.

Ihsan hakuelewa.

"Utoe nje, mwanangu. Wote wawili."

Akaitoa, akaiweka juu ya magoti. Hajati naye akaweka yake pembeni, vidole vyake vya kuume vikiwa vyeusi mpaka kwenye kiungo cha pili, vidole vya mpakaji. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja bila ukali. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala tangu Ijumaa.

"Hina nimempaka mimi," alisema. "Na moshi nimemfukiza mimi, kando ya kaburi la mwanangu, na huyu akinikataza. Ijumaa niliapa kwa Mungu kwamba mwanangu yuko hai. Mimi, niliyehiji. Hilo nitajibu mwenyewe. Leo nawaambia amekufa. Anaitwa Mutasim, nimemzika uani kwangu, na mtoto aliye tumboni humu ni wake. Nyanyueni mikono mumsomee."

Mke wa mwenye duka alikuwa wa kwanza. Kisha wengine. Hajati alinyanyua yake, na ndipo alipolia mbele za watu, kwa sauti, kama mama yeyote. Ihsan naye alinyanyua mikono yake, myeusi na iliyochubuka, akamsomea mumewe Fatiha.